Mwenye Kudai Ndiye Asafishe

Kuna watu ambao wakikanyagwa mguu, wao ndio huomba radhi. Mama Émilie hakuzaliwa na ugonjwa huo. Ukimkanyaga, aliutazama mguu wako, kisha uso wako, kisha akangoja. Wengi waliomba radhi kabla hajafungua mdomo.

Alikuja Kisangani kutoka Yanonge akiwa bado msichana, ndani ya pirogi, mtumbwi wa mumewe Timothée, amekalia gunia la muhogo. Timothée alikuwa mvuvi na mchuuzi wa mtoni, mtu wa vicheko, na mto uleule uliomlisha ulimchukua siku ya tufani karibu na Isangi. Émilie alimlilia mpaka matanga yakaisha, akafunga kitenge chake upya, akarudi kwenye kazi aliyofundishwa na mama yake: kutengeneza kwanga. Kwa kwanga alilea watoto, kwa kwanga aliwasomesha, na kwa kwanga alipata jina katika mitaa ya Tshopo, kuanzia sokoni hadi upande wa bwawa la umeme. Watu waliijua kwanga yake kwa namna alivyofunga kamba. Hakuna aliyeweza kuifungua kwa haraka.

Kwanga ni chakula cha subira. Muhogo mchungu hulowekwa majini siku kadhaa, hadi uache sumu yake na kulainika. Ndipo unapotolewa nyuzi, ukapondwa, ukafungwa kwa majani mapana ya msituni na kupikwa. Ukikosea kuponda, utaponda tena. Ukikosea kufunga, utafungua ufunge upya. Lakini maji yakiwa mabaya, hakuna mkono wa mama utakaouokoa muhogo huo.

Maji yake yeye na wenzake yalikuwa ya kijito cha Mapela, kinachoteremka kati ya nyumba na kumwagikia mto Tshopo. Ukingoni mwake kila mama alikuwa na shimo lake la kulowekea, limezungushiwa vijiti. Na mashimo hayo yalikuwa na sheria, ambazo hakuna mbunge aliyezipigia kura na hakuna mtu aliyezivunja. Ya kwanza: sabuni haiingii majini juu ya mashimo, mwenye nguo chafu ashuke chini. Ya pili ilihusu vitu vinavyochukuliwa na maji. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi utakuta beseni la jirani limeingia katika shimo lako, au muhogo wake, au kitenge chake. Kitu hicho ni chako. Mwenyewe akikitaka, anaruhusiwa kukidai mbele ya watu, na atapewa bila neno. Lakini akishakidai, anaingia shimoni na kulisafisha lote, tope na takataka, kwa kuwa kitu chake ndicho kilicholichafua. Mwenye kudai ndiye asafishe.

Kwa sababu ya sheria hiyo wanawake wengi walipita karibu na beseni zao wenyewe wakijifanya hawazijui. Mmoja tu anakumbukwa kwa kudai bila kusita. Ni marehemu mama yake Papa Zacharie, yule ambaye sasa ni chef wa quartier, mkuu wa mtaa. Bibi huyo alidai sufuria yake moja yenye mpini uliovunjika, akaingia topeni hadi magotini, akasafisha bila kunung'unika, akaondoka na sufuria kichwani kama taji.

Kisha kikaja kiwanda cha sabuni cha Nyota Tatu.

Kilikaa juu ya mtelemko, katika ghala kuukuu la pamba. Kilileta kazi, hilo lisemwe, na sabuni yake nyeupe ilikuwa nzuri. Lakini malori yalianza kuja kutoka barabara ya Bengamisa yakiwa na magogo ambayo watu wawili wasingeweza kuyakumbatia. Miti iliyosimama pale tangu enzi za mababu ilichomwa chini ya masufuria ya chuma ili mtu akapate kunawa mikono. Jenereta lilinguruma mchana kutwa, na bwawa la umeme liko hatua chache tu. Na nyuma ya ukuta, mahali ambapo mgeni hapelekwi, palikuwa na bomba.

Mbele ya ukuta palikuwa na kijani. Ukuta wote ulipakwa rangi ya kijani na kuchorwa jani kubwa. Kila Jumamosi ya salongo, wakati mji mzima unapotoka na mafagio kusafisha barabara, wafanyakazi wa Nyota Tatu walitoka na fulana za kijani. Mkurugenzi wao, Monsieur Faustin, alipanda mche wa avoka kando ya lango, akapigwa picha. Wiki haikuisha, mbuzi waliula. Salongo iliyofuata alipanda mwingine katika shimo lilelile, akapigwa picha nyingine. Mbuzi wa Tshopo walinenepa kwa siasa hiyo ya mazingira.

Povu lilianza kuonekana mwanzoni mwa kiangazi, maji yalipopungua. Kwanza lilikuwa jeupe na jepesi, likipita. Baadaye likawa zito, la kijivu, likaganda juu ya mashimo kama utando wa uji uliopoa. Mama Émilie aliingiza mkono, akatoa muhogo wake ambao ulipaswa kuwa laini kama ndizi mbivu. Aliugonga kwenye jiwe. Ulilia ko, ko, ko.

Aliutia katika beseni, akapanda mtelemko hadi langoni, akasimama hapo mpaka Monsieur Faustin alipotoka. Alikuwa mtu wa shati safi, mwenye ulimi mwepesi, na hakuwa na ubaya usoni. Watu wanaoharibu maji mara nyingi hawana.

"Papa Directeur, angalia muhogo yangu."

"Naangalia, mama. Iko muhogo."

"Iko jiwe. Ilikaa mayini mpaka ingepaswa kupondeka yenyewe. Na inanuka sabuni yako."

"Bon, sabuni yangu inanuka vizuri."

"Na ile povu?"

"Ile povu ya kijito? Mama, majani ikioza, mayi inatoa povu. Hata kwenye maporomoko ya Wagenia kuko povu. Kule pia nilipelekaka sabuni?"

Walinzi wake walicheka. Émilie aliwangoja wamalize.

"Alors, povu iko ya nani?"

"Ya Mungu, mama."

"Mungu hapikaka sabuni, Papa Directeur."

Aliliacha beseni pale langoni, muhogo ukiwa ndani, akashuka mikono mitupu.

Kesi ilifika kwa Papa Zacharie. Alikuwa mtu mwangalifu, asiyependa kugombana na wenye malori, lakini pia asiyependa kulala akiwa amedanganya. Aliwakalisha wote uani kwake, akina mama wa mashimo upande mmoja, Monsieur Faustin upande wa pili kwenye kiti cha plastiki, na watu wa mtaa wamejaa hadi nje ya uzio.

"Directeur, tuseme wazi mbele ya watu," alisema. "Hii kitu inaelea kwenye mashimo ya banamama, iko ya kampuni ao haiko ya kampuni?"

"Haiko ya kampuni, Papa Chef. Hata tone moja."

"Donc, haina mwenyewe?"

"Haina mwenyewe."

Siku chache baadaye aliyarudia maneno hayo kwenye redio, kwa Kifaransa, kwa Kilingala na kwa Kiswahili, asije akabaki mtu ambaye hakuyasikia. Nyota Tatu ni rafiki wa mazingira, alisema. Nyota Tatu inapanda miti.

Mtu wa kwanza kusema ukweli alikuja kwa miguu, viatu mkononi, akitazama nyuma kila mara. Alikuwa Hugues, mhandisi kijana wa kiwanda, mwana wa mtaa huohuo. Alimkuta Mama Émilie amekaa kando ya shimo lake lisilo na kazi.

"Mama, ile povu iko yetu."

"Najua. Weye unaniletea habari ya jana."

Hugues alikaa chini. Alieleza mambo ambayo yalikuwa yamemkaa kooni. Masufuria yanapooshwa, maji yenye soda kali na chumvi hutoka pamoja na mafuta ya sabuni, na vyote hukimbilia bombani. Lakini maji hayo yakiachwa yatulie katika tangi, sabuni hupanda juu yenyewe. Unaiengua na kuirudisha katika upishi unaofuata. Maji ya chini nayo yana soda bado, unapikia tena badala ya kununua mengine. Na kuni? Huko kwenye vinu vya mawese maganda ya kokwa yamerundikana hadi yanaoza, na yanawaka kwa moto mkali kuliko gogo.

"Tunatupa mali yetu yenyewe, mama, kisha tunachoma pori juu ya kutafuta ingine."

"Ulimuambia mukubwa wako?"

"Nilimuambia. Alisema mambo ya mazingira tulishamaliza. Tulipanda avoka."

Mama Émilie alimgeukia.

"Ulisoma miaka yote ile, mwanangu, ili ushindwe na mbuzi?"

Hugues aliinamisha kichwa. "Nikisema mbele ya watu, ananifukuza."

"Basi usiseme. Lakini siku watu watakuuliza, usidanganye. Hiyo tu."

Alimuacha aende. Hakumdharau. Woga si dhambi, alizoea kusema, dhambi ni kuupaka rangi.

Aliyegeuza mambo alikuwa Kadidja, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, binti wa familia za zamani za Waislamu wa mji, ambao babu zao walikuja na biashara na wajukuu wao wakabaki na ufundi. Nyanya yake Kadidja ndiye aliyewaosha watu wa mtaa huo miaka ya vita, maduka yalipokuwa matupu, kwa sabuni aliyopika kwa mawese na majivu ya maganda ya ndizi. Asubuhi moja Kadidja alishuka kijitoni, akachota ule utando wa kijivu kwa kiganja, akausugua, akaunusa, akacheka peke yake, akamwita Mama Émilie kwa jina la dada mkubwa.

"Yaya Émilie, hii iko sabuni isiyokomaa. Inakosa tu moto, na mutu wa kuipenda."

"Miye sitaki sabuni. Nataka mayi."

"Mayi unayo? Huna. Basi tukule kwanza kile kiko."

Émilie alikataa siku ya kwanza, na ya pili. Siku ya tatu alikumbuka uani kwa Papa Zacharie, na maneno mawili ya Monsieur Faustin. Haina mwenyewe. Kitu kisicho na mwenyewe, kikiingia shimoni mwako, ni chako. Alichukua beseni.

Waliuengua utando, wakauosha, wakauchemsha kwa maji ya majivu na mawese kidogo, mmoja akikoroga na mwingine akichochea moto wa maganda ya kokwa, kwa maana neno la Hugues halikuanguka chini. Sabuni ilitoka nyeusi, mbaya kwa sura, lakini ilitoa uchafu kuliko ile nyeupe. Kadidja aliibeba sokoni kichwani akiinadi kwa sauti ya harusini:

"Haina Baba, Haina Baba hii. Baba yake alimukana mbele ya chef. Mumupokee nyinyi, mutoto hana kosa."

Soko zima lilianguka kwa kicheko. Jina lilishika. Watu walioisikia redio walikuja kuinunua kwa ajili ya jina tu, kisha wakarudi kwa ajili ya sabuni. Akina mama wengine wa mashimo waliingia kazini. Katika nyumba za Tshopo ambamo ilikaa sabuni ya Nyota Tatu, sasa ilikaa Haina Baba, na mkurugenzi akaanza kusikia jina hilo kila alipopita, kutoka kwa wauzaji, kutoka kwa waendesha toleka wanaobeba abiria kwa baiskeli, na hata, inasemekana, kutoka kwa mpishi wake mwenyewe.

Hasira humfanya mtu aone karibu tu. Monsieur Faustin alitelemka kijitoni asubuhi ya siku ya soko, walinzi mbele, Papa Zacharie kando, na nyuma yao Hugues, aliyeletwa awe shahidi. Akina mama walikuwa shimoni, beseni zimejaa.

"Papa Chef, umejionea," alisema Faustin. "Hawa banamama wanaiba mali ya kampuni, wanapika, wanauza, wanafanya watu wanicheke mu mji. Ile mafuta iko ya kwangu."

Papa Zacharie alikunja uso. "Ulisema haina mwenyewe."

"Nilisema povu. Hii haiko povu, iko sabuni. Hugues, waambie. Inatoka wapi?"

Watu wote walimgeukia Hugues. Alimtazama mkurugenzi, kisha akamtazama Mama Émilie, ambaye hakumfanyia ishara yoyote. Alimngoja tu, kama alivyozoea kuwangoja watu.

"Iko yetu," alisema Hugues. "Inatoka kwenye masufuria yetu, inapita kwenye bomba letu, inaingia kwenye kijito, mpaka hapa. Yote. Sabuni na soda, yote iko yetu."

"Munasikia?" Faustin aligeuka kwa ushindi. "Yote."

Mama Émilie alitoka shimoni taratibu, akajifuta mikono kwenye kitenge.

"Papa Directeur, unaidai?"

"Naidai, ndiyo."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya kila mutu."

Aliinama, akaliinua beseni lake lililojaa, akaliweka miguuni pa mkurugenzi, karibu na viatu vyake vinavyong'aa. Kadidja alifanya vivyo hivyo, na wa tatu, na wa nne, mpaka mkurugenzi akazungukwa.

"Basi chukua, iko yako. Hatubishi. Na sasa vua viatu."

"Nivue viatu juu ya nini?"

"Juu ya kusafisha shimo. Papa Chef atakuambia."

Papa Zacharie alikuwa anaangalia mahali fulani ukingoni, pengine palipokuwa na shimo la mama yake. Alipozungumza, sauti yake haikuwa ya ofisi.

"Directeur, hii sheria haikuandikwa na serikali. Lakini mama yangu aliingia hapa mpaka magoti juu ya kudai sufuria isiyokuwa na mpini. Mwenye kudai ndiye asafishe. Ungesema haiko yako, hakuna mutu angekugusa. Umesema iko yako. Na mutu wako amesema yote."

Monsieur Faustin alicheka kidogo, akatafuta mtu wa kucheka naye, hakumpata. Aliondoka bila beseni.

Alirudi kesho yake mchana nyumbani kwa Mama Émilie, peke yake, na kreti ya limonadi. Kadidja alikuwepo. Mkurugenzi alizungumza vizuri, kama anavyojua. Kwa nini wagombane? Kampuni itawaachia akina mama utando wote, daima. Itawajengea kibanda cha kupikia, iwape fulana za kijani, na picha yao itawekwa kwenye kalenda: Nyota Tatu yainua akina mama wa Tshopo. Bomba libaki lilivyo, kwani bila bomba utando utatoka wapi?

Hapo ndipo lilipokuwa jambo lenyewe, na Mama Émilie alijua. Haina Baba ilikuwa inamlisha vizuri kuliko kwanga ilivyowahi kumlisha. Akikubali, hataloweka muhogo tena maishani, wala hatahitaji. Akikataa, anaweza kukosa sabuni na kukosa maji.

"Utupe nafasi tuzungumze," alisema Kadidja haraka, na mkurugenzi akatoka nje kuangalia kuku.

"Yaya, usiharibu hii. Nakuomba. Miye ufundi wa nyanya yangu ulikufa, sasa umefufuka. Unataka kuukata juu ya mayi?"

"Na siku anajua kuipika ile povu yeye mwenyewe? Tutabaki na fulana."

"Siku hiyo tutajua ya kufanya."

"Kadidja, hii mayi haiishi kwenye shimo yangu. Inashuka, inaingia mtoni, kwa wavuvi, kwa watoto wanaoogelea kule. Hao hakuna mutu anawaletea limonadi. Nikichukua kibanda, miye ndiye nitakuwa bomba."

"Maneno mazuri. Utapika maneno?"

"Nitapika kwanga."

Kadidja aliinuka, akajifunga mtandio, akaondoka bila kuaga. Kati ya mambo yote ya mwaka ule, hilo ndilo lililomuuma Mama Émilie. Aliinua kreti, akaitoa nje, akaiweka mikononi mwa Monsieur Faustin.

"Ulidai, Papa Directeur. Shimo linakungoja."

Kama kungekuwa na haki, hadithi ingeishia hapo. Lakini haki haitembei yenyewe, inataka kubebwa, na mara nyingi inabebwa kichwani, kwa beseni. Jumamosi ya salongo, wafanyakazi wa Nyota Tatu walipotoka na fulana zao, waliwaona akina mama wa Mapela wanapanda mtelemko kwa mstari, beseni za povu kichwani. Mama Émilie alikuwa mbele. Walipofika langoni, kila mmoja aliinama kwa adabu na kumwaga.

"Mali yenu," walisema. "Muliidai."

Wakashuka, wakajaza, wakapanda tena. Nani atawazuia? Siku ya salongo kila mtu anasafisha, na wao walikuwa wanasafisha kijito. Kufikia wakati jua linachoma, mtelemko wote mbele ya lango ulikuwa umepakwa sabuni. Lori la magogo kutoka Bengamisa lilijaribu kupanda, magurudumu yakazunguka pale pale, likarudi nyuma kwa heshima. Mlinzi alikwenda kumsaidia dereva, akakaa chini bila kupenda. Askari aliyetumwa aliuliza kosa ni nini. Aliambiwa akina mama wanarudisha mali ya kampuni. Alifikiri, akapiga hatua moja kuelekea kwa Mama Émilie, akateleza, akaamua kwamba kesi hiyo si yake.

Salongo iliyofuata walikuja tena, na iliyofuata, na safari hiyo ya tatu watu wa mitaa mingine walikuja na beseni zao. Mbuzi tu ndio hawakufurahi. Avoka ilikuwa imeloweshwa povu na hawakuigusa.

Bomba lilifungwa kabla ya mvua. Hugues alijengewa tangi lake, kisha la pili, na utando ukaanza kurudi sufuriani ulikotoka. Maganda ya kokwa yaliletwa, malori ya magogo yakapungua. Hayakuisha. Jenereta bado linanguruma kando ya bwawa, na hiyo ni vita nyingine, nayo itapiganwa. Kwenye redio Monsieur Faustin alisema kampuni imebuni njia mpya ya kupunguza uchafu na kulinda msitu, na kwamba sasa inapata sabuni nyingi kwa gharama ndogo. Hakusema nani alimfundisha. Mama Émilie alisikiliza akimenya muhogo.

"Acha aseme," alisema. "Ndege wa mutu anaimbaka wimbo aliofundishwa."

Kadidja hakumsalimia msimu mzima. Utando ulipokatika, alikaa na masufuria matupu, na maneno aliyosema kupitia ukuta yasingefaa kuandikwa. Kisha akaanza kununua mawese sokoni na kupika kama nyanya yake, toka mwanzo, na watu wakaendelea kuita sabuni hiyo Haina Baba ingawa sasa ilikuwa na baba na mama. Siku moja kipande kimoja kilitupwa juu ya ukuta, kikaangukia uani kwa Mama Émilie.

"Yaya, uliniua."

"Unauza?"

"Nauza."

"Basi maiti gani hiyo inauza?"

Kicheko kilitoka pande zote mbili za ukuta.

Yalibaki mashimo. Tope lake lilikuwa bado la kijivu, linateleza. Kampuni ilituma vibarua wenye makoleo. Mama Émilie alikuwa amekaa ukingoni, jembe mapajani.

"Hawa hawakudai," alisema. "Warudi wakapumzike."

Walirudi. Siku ya pili walitumwa tena, wakarudi tena. Siku nyingine alikuja Monsieur Faustin mwenyewe, na mpiga picha nyuma yake, na nyuma ya mpiga picha nusu ya mtaa, Papa Zacharie akiwemo.

"Picha kesho," alisema Mama Émilie. "Leo kazi."

Mkurugenzi alisimama muda mrefu. Kisha akainama, akafungua kamba za viatu, akavipanga vizuri juu ya majani, akakunja suruali. Hugues alikuwa tayari ndani ya shimo la jirani. Maji yalikuwa baridi, tope likamla hadi magotini, na jembe lilikuwa zito kwa mikono ile. Hakuna aliyecheka, isipokuwa Kadidja, kidogo tu. Mkurugenzi alichimba mpaka jua likageuka. Alipotoka hakuna aliyempigia makofi, kwa sababu mtu hapigiwi makofi kwa kuondoa uchafu wake.

Mvua zilinyesha, zikasuuza. Mama Émilie alichagua muhogo mmoja mkubwa, mmoja tu, akauweka katika shimo alilosafisha mkurugenzi, akangoja siku zake. Alipoutoa, aliubonyeza kwa kidole gumba. Nusu ilizama kama siagi. Nusu ilibaki ngumu.

Ile nusu laini aliiponda, akaifunga, akaipika, akala na Kadidja kwa samaki wa kuchoma. Nusu ngumu aliifunga vilevile kwa jani, kwa kamba yake ile isiyofunguka haraka, akapanda nayo mtelemko hadi langoni, akamkabidhi mlinzi.

"Peleka kwa Papa Directeur," alisema. "Umuambie: bado."